Jina Ambalo Simu Ilikubali

Wapo watakaokwambia mambo haya yalitokea Webuye, na wengine wataapa ni Misikhu. Waache na porojo zao. Yalianzia Bungoma, yakafika Kitale, na mimi ninayekusimulia nimekaa kwenye benchi lenyewe, kwa hivyo usinibishie.

Ilikuwa Ijumaa, jua linazama, Chelimo akiingia Bungoma na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kwao, mkononi na mfuko wa unga begani. Safari ya kawaida tu. Mama yao kule Endebess alikuwa amemtuma kumpelekea mdogo wake Chepngeno chakula, maana Chepngeno alikuwa anasomea ualimu pale mjini, na watoto wa chuo unawajua, ukiwaachia watakula chipsi asubuhi na jioni. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Akina mama walikuwa wanafunika mahindi yao ya kuchoma kando ya barabara, na Chelimo akanunua moja akawa analitafuna akitembea.

Sasa huyu Chelimo umjue. Mwanamke mdomo mkali, hajui kunyamazishwa, na kazi yake ilikuwa kibanda cha gemu mtaa wa Tuwan, Kitale. TV tatu, mashine tatu, mabenchi ya mbao, na padi za kuchezea zilizofungwa kwa selotepu hapa na pale. Vijana wanakuja, wanakaa wawili wawili, wanashika padi, wanapiga kelele mpaka majirani wanagonga mabati. Hayo ndiyo maisha aliyoyapenda. Kitu kimoja tu kilimtia hasira, nacho ni simu. Siku hizi kijana anaingia kibandani, anakaa kwenye benchi, halafu anatoa simu na kucheza peke yake!

"Hiyo si gemu," Chelimo alikuwa akisema. "Hiyo ni kusugua kioo."

Na mtu aliyembishia kuliko wote alikuwa mdogo wake mwenyewe.

"Mashine yako inangoja stima," Chepngeno alimwambia likizo iliyopita. "Yangu naweka kwa mfuko. Naicheza kwa foleni, naicheza kwa kitanda. Wewe utabaki na mabenchi yako."

"Na unacheza na nani?"

"Watu wa dunia nzima, bana!"

"Unawajua? Hapa kwangu ukicheza na mtu unasikia mpaka harufu ya sweta yake. Ukimfunga ovyo anakuchapa kofi la mgongo. Huko kwa simu unajua ni nani amekaa upande ule?"

Abdishakur, kijana mwenye duka la vyuma karibu na msikiti, alikuwa hapo siku hiyo. Akawacheka wote wawili, akasema gemu ya kweli ni ya kompyuta, hizo nyingine ni za watoto. Chelimo akamwambia aende zake na kompyuta yake inayonguruma kama posho mill. Walicheka siku hiyo mpaka machozi yakawatoka.

Basi Ijumaa hiyo Chelimo akafika kwenye ploti ya vyumba vya kupanga alikokaa Chepngeno, adhana ya magharibi ndiyo inaisha. Nje ya chumba akamkuta Agneta, msichana wa Mabanga aliyekuwa anakaa chumba kimoja na Chepngeno. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, amejifunika blanketi, na mlango umefungwa nyuma yake.

"Niaje, Agneta. Mbona uko nje na baridi hii?"

Agneta akaweka kidole mdomoni.

"Dada... usimwite jina lake," akanong'ona. "Haitikii. Tangu Jumatano. Mwarimu ameita majina darasani, yeye kimya. Nimemgusa bega, ameniangalia ati kama hanijui. Arafu ukiita lile lingine..."

"Lingine gani?"

"Lile la kwa simu." Agneta akautazama mlango. "Hilo anaitika."

Chelimo alimtazama, akaona kwamba huyu msichana hatanii. Akaweka unga chini. Akasukuma mlango.

Harufu ndiyo iliyompokea.

Ugoro.

Si ule wa kopo wa dukani. Ni ugoro wa kizamani, uliosagwa na magadi juu ya jiwe, ule uliokuwa ukinuka kwenye shuka za mabibi wa mlimani kwao Endebess. Na ndani ya chumba kile hakuna aliyekuwa akitumia ugoro. Taa ilikuwa imezimwa. Chepngeno alikuwa amekaa kitandani, mgongo umenyooka, uso umemulikwa na kioo cha simu, vidole gumba vinateleza... vinateleza... Na kutoka kwenye simu zilikuwa zinatoka sauti za watu. Wachezaji wenzake. Mmoja ukimsikia ni wa Pwani. Mwingine mtoto mdogo. Mwingine mwanamke anayeongea lugha usiyoijua. Wote walikuwa wanaita jina moja.

Jina lenyewe silitaji, nitasema Fulani tu. Na wewe usiniulize.

"Nyuma yako, Fulani! Fulani, njoo huku! Fulani! Fulani!"

Chepngeno akapiga chafya.

Wakaita tena.

Akapiga chafya tena.

Chelimo akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu yeye ni mtoto wa mlimani na alijua anachokiona. Kwao, mtoto akizaliwa, akina mama wa ukoo hukusanyika kwa kurenet, yaani kumtafutia jina. Wanaita majina ya ndugu waliotangulia kufa, moja baada ya jingine, wanaita na kusubiri. Mtoto anatiwa ugoro kidogo puani. Jina likimpata, anapiga chafya, na akina mama wanapiga vigelegele, kwa maana yule aliyekufa amekuja kukaa. Lakini yapo majina yasiyoitwa. Kila ukoo unayo. Watoto wanayajua kwa sababu walichapwa walipoyataja, basi. Na hilo lililokuwa likitoka kwenye simu lilikuwa la ukoo wao.

"Chepngeno!" akaita.

Hakugeuka.

"Chepngeno wa mama! Niangalie!"

Chelimo akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza kwa nguvu. Macho ya msichana yakahangaika, yakamfikia, na kwa muda mfupi alikuwa yeye.

"Majina yote yalikuwa yameshachukuliwa," Chepngeno alisema, sauti nyembamba. "Niliandika langu, ikakataa. Nikaongeza namba, ikakataa. Simu haikuruhusu kuingia bila jina... Nikakumbuka lile. Nikajua hakuna mtu duniani analo. Ikakubali mara moja, sista. Mara moja tu."

Halafu macho yakaondoka, yakarudi kwenye kioo.

Chelimo alitoka nje, akatoa kabambe yake, kile kisimu cha vitufe, akampigia bibi yao. Kule kwao bibi, na kila mwanamke mzee, huitwa Kogo. Akamweleza, na kwa mara ya kwanza maishani Kogo hakumkatiza.

"Mmemwita mkiwa watu wangapi?" Kogo aliuliza mwishowe, kwa kunong'ona.

"Si sisi, Kogo. Ni simu."

"Simu ina mdomo?"

"Ina midomo maelfu."

Chelimo alisikia ng'ombe akilia kule Endebess.

"Alisema hivyo," Kogo akasema. "Siku ya kumfukuza. Alisema, nyinyi mkikataa kuniita, nitaitwa na wageni."

"Alifanya nini huyu mtu? Alikuwa mchawi kweli?"

"Ng'ombe walikufa, mjukuu wangu. Mtu akatafutwa." Kogo akavuta pumzi. "Mama huyo alikaa pangoni, juu huko mlimani. Jioni sisi watoto tulikuwa tunamsikia akiita jina lake mwenyewe. Akiita na kuita, ili asilisahau. Tuliambiwa tuzibe masikio. Mpaka jioni moja akanyamaza."

"Tufanye nini?"

"Amepiga chafya?"

"Nyingi."

"Basi imekwisha. Mkaribisheni vizuri. Mpikieni ugali wa wimbi."

"Na Chepngeno?"

Kogo akaendelea na habari za wimbi.

"Kogo! Na Chepngeno?"

"Akisahau jina lake kabisa, hakuna Chepngeno tena. Usishindane na mtu kama huyo, Chelimo. Mkaribishe."

"Mimi? Nimkaribishe kwenye kitanda cha mdogo wangu? Sikaribishi mtu!" Akakata simu. Hasira ilikuwa imempanda, na afadhali hasira, kwa sababu chini yake kulikuwa na woga mkubwa sana.

Akarudi ndani, akampokonya Chepngeno ile simu, akaifuta gemu. Sauti zikaendelea. Akaizima. Zikaendelea. Akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya kufulia, ikazama mpaka chini, kioo kikafa.

Na kutoka chini ya maji, polepole, bila haraka yoyote...

"Fulani... Fulani..."

Chepngeno akapiga chafya. Kisha akatabasamu, na akaongea lugha ya kwao, Kisabaot cha kizee, cha maneno ambayo hata Chelimo aliyafuata kwa shida.

"Usihangaike, mtoto. Wananiita vizuri."

Agneta pale mlangoni alianza kulia. Akachukua blanketi lake akaenda kulala kwa majirani, na ni nani wa kumlaumu?

Chelimo alikaa mlangoni pa chumba hicho akiwaza. Aliwaza kuhusu pasta, akaona pasta atamwita kwa jina gani naye haitiki? Aliwaza kuhusu waganga, akakumbuka ndio hao hao waliomtafuta mtu ng'ombe walipokufa. Kisha akawaza kuhusu kazi yake, maana ndiyo aliyoijua. Simu haikuachi uingie mpaka utoe jina, na ukishalitoa, watu wasiokuona wanakuita kwalo usiku na mchana. Lakini kule Tuwan, kwa miaka yote hiyo, hakuna mteja aliyewahi kuulizwa jina ndipo acheze. Unakaa. Unashika padi. Wenzako wanakuita vile wamekujua tangu zamani. Wazo likamjia hapo, wazo la mtu mwenye kiburi, na akalishika.

Kesho yake jioni walikuwa Kitale. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya paa. Chepngeno alifuata tu popote aliposhikwa mkono, na ile simu iliyokufa, aliyoitoa mwenyewe kwenye beseni, ilikuwa imekwama kiganjani mwake, ukijaribu kuitoa vidole vinakaza. Kibandani kulikuwa na wateja wa kawaida wa Jumamosi, na mimi nilikuwa miongoni mwao, pamoja na Abdishakur, na Muturi wa bodaboda mwenye sauti ya kuita abiria kutoka ng'ambo ya mto.

Chelimo akamkalisha mdogo wake katikati ya benchi. Akakaa kushoto kwake na padi ya kwanza. Upande wa kulia akaacha wazi, akaweka pale padi ya pili.

"Leo nacheza mimi," akatuambia. "Nyinyi kazi yenu ni moja. Mwiteni mdogo wangu jina lake. Msinyamaze, hata iwe nini."

"Kwani amepotea?" Muturi akacheka. "Si ndiye huyo amekaa?"

"Mwite uone."

"Chepngeno! Niaje?"

Chepngeno alikuwa anatazama mbele. Hata kope haikucheza. Muturi akamwita tena, kwa ile sauti yake ya barabarani, hatua moja kutoka sikioni. Nikaona kicheko kikimtoka usoni.

Chelimo akageukia ile nafasi iliyo wazi. Akaongea kwa heshima, lakini hakushusha sauti.

"Kogo. Najua uko hapa. Walikukosea, nimeambiwa, na mimi nakataa walichokufanyia. Lakini huyu hakukuwepo. Nimesikia wewe ndiye bingwa wa simu, kila mtu anakuita. Sawa. Kwa simu kioo kinakusaidia. Kinakulengea, kidole kikiteleza kinakusamehe. Mabingwa wa simu nimewaona wengi hapa, wanaingia na kifua, wanatoka na aibu. Hapa kuna sheria moja. Ukifungwa unainuka, uwe nani. Kaa chini ucheze na mimi. Ukinifunga, baki na huyu msichana, sitakusumbua tena. Nikikufunga, unainuka utoke kwake."

Abdishakur alikuwa anasema bismillahi chini ya pumzi.

Tukangoja.

Ngurumo ikapiga, na stima zikapotea. Taa ikazimika, TV ya kwanza ikazimika, ya pili ikazimika. Nje mtaa mzima ukaingia giza, mpaka duka la chakula, mpaka taa za barabarani.

Lakini TV iliyokuwa mbele ya Chelimo ilikuwa inawaka.

Halafu tukasikia benchi likilia upande wa kulia... krrr... vile mbao hulia mtu mzito akikaa polepole. Harufu ya ugoro ikajaa kibandani. Na ile padi ya pili ikainuka kidogo kutoka kwenye mbao, waya wake ukanyooka.

Mechi ya mpira ikaanza.

Mwanzoni, nikwambie ukweli, ilikuwa karibu kuchekesha. Wachezaji wa upande ule walizunguka mahali pamoja. Walipiga mpira nje. Golikipa aliacha goli akaenda zake. Chelimo akafunga la kwanza, akafunga la pili. Muturi, woga umemfanya awe mjinga, akasema, "Manze, anacheza kama ndama amezaliwa leo!"

Hapo ndipo simu zetu zilipoanza.

Zote. Mifukoni. Yangu ilikuwa imezimwa, betri imekufa tangu mchana. Ikaita kutoka kwenye paja langu kwa sauti ya mtoto. "Fulani!" Ya Abdishakur ikaita kwa sauti ya mwanamke. Ya Muturi ikaita. Jina likazunguka kibanda kile, na nikahisi mdomo wangu unafunguka, unataka kulisema pia, vile unavyojikuta unaimba wimbo unaoimbwa na wenzako.

Chepngeno akapiga chafya.

"Mtu asilitoe hilo jina!" Chelimo akapiga kelele bila kugeuka. "Kazi yenu nimewapa! Mwiteni!"

"Chepngeno!" Muturi akaunguruma. Tukamfuata. "Chepngeno! Chepngeno!" Tulitupa simu zetu nje kwenye matope, zikaendelea kuita huko, nasi tukaita zaidi. Abdishakur alikuwa anaita na machozi yanamtoka.

Lakini yule wa kulia alikuwa anajifunza. Tuliona. Pasi ikafika. Nyingine ikafika. Padi ile ikawa inatetemeka na kubofyeka yenyewe, tik, tik, tik, na mpira ukapita katikati ya mabeki wa Chelimo. Goli. Muda haujapita, goli lingine. Mbili kwa mbili. Benchi likalia, mtu amesogea karibu. Chepngeno alikuwa anaegemea kulia, kichwa kimelala juu ya bega ambalo hatukuliona.

Chelimo alitusimulia baadaye alichosikia sikioni wakati huo. Pumzi ya baridi yenye ugoro, na sauti ya mwanamke mzee, si ya kutisha, anasema, ndiyo maana ilitisha. Ilikuwa inaomba.

"Niite. Mara moja tu. Wewe wa damu yangu."

Anasema ulimi wake ulianza kulitamka. Alikuwa anamhurumia, na huruma hiyo ilikuwa inamfungua mdomo. Akaung'ata ulimi mpaka damu ikamjaa kinywani. Akaitema sakafuni.

"Nitakuhurumia ukiinuka!" akasema. "Mdogo wangu sikupi! Sikupi, unasikia?"

Dakika ya mwisho ilikuwa inakimbia kwenye kona ya TV. Mchezaji wa Chelimo akapokea mpira pembeni, akajifanya anarudi nyuma, beki akaja mbio kama wanavyokuja wote wasiozoea padi, naye akamzunguka. Ni hila ndogo. Kila mtoto wa Tuwan ameliwa nayo mara ya kwanza. Kwa simu haifanyi kazi, kioo kinamrudisha beki chenyewe.

Akapiga.

Goli.

Filimbi ikalia.

Chelimo akaweka padi chini. Akageukia kulia.

"Inuka, Kogo," akasema.

Hakuna kilichosogea. Simu kule matopeni zilikuwa zimenyamaza. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na sisi tumebanana ukutani. Nilifikiri hatainuka. Kwa nini ainuke? Nani angemfukuza?

"Ukifungwa unainuka," Chelimo akarudia, sauti sasa imepasuka. "Ni vile kwa kila mtu. Tafadhali."

Krrr...

Benchi likapumua. Padi ya pili ikaanguka kwenye mbao, ikalala. Ubaridi ukatupita, ukatoka mlangoni, na TV ikazimika.

Tukabaki gizani. Muturi, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asinyamaze, akaita mara nyingine, sauti imekwisha kabisa.

"Chepngeno..."

Chafya moja.

"Nimesikia!" ikajibu sauti ya msichana, kwa ukali. "Mbona mnanipigia kelele hivyo, kwani mimi ni kiziwi?"

Chelimo alimkumbatia na kulia kwa sauti, yeye ambaye hata kwenye mazishi ya baba yake hatukumwona akilia. Chepngeno alikuwa anauliza amefikaje Kitale, na kwa nini kiganja kinamuuma, na kwa nini sisi wanaume wazima tumeshikana mikono.

Alirudi Bungoma wiki ile. Yu mzima. Mwalimu akiita jina lake anaitika, na Agneta amerudi kulala kitandani kwake. Kogo alipoambiwa aliuliza swali moja tu, kama yule mama alionekana amechoka. Chelimo akamwambia hakumwona. Jambo gani hasa lilimruhusu aje, simu, au ugoro, au wale maelfu waliomwita bila kumjua, mimi sijui, na anayekwambia anajua mpuuze.

Ila ukipita Tuwan jioni utaona kitu. Magharibi ikikaribia, Chelimo anatutoa nje sote. Anasema anajaribu mashine. Anafunga mlango, na sisi tunakaa nje kwenye mawe, tunasikia padi mbili zikibofyeka.

Nilimuuliza waziwazi. Si alitoka? Si alifungwa?

"Aliyefungwa ana haki ya marudiano," akanijibu. "Nimkatalie mimi pia? Walimkatalia wa kutosha. Acha aje. Mradi akija aje kwa benchi yangu, asiende kwa kitanda cha mtu."

"Na mnachezea nini?"

Alijifanya anafunga selotepu kwenye waya, nami nikaogopa kwamba dau ni yeye mwenyewe.

Wiki za kwanza alikuwa anamfunga magoli manne, matano, anatoka anacheka. Kisha yakawa mawili. Kisha moja. Siku hizi akitoka hacheki, anakunywa maji kwanza, na vidole gumba vyake vina malengelenge. Nimemwambia afunge kibanda ahamie hata Mombasa. Amenitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu.

Jana jioni nilikuwa nje pale, sikio kwenye mabati. Nikasikia filimbi ya mwisho. Nikangoja benchi lilie, vile hulia kila siku mmoja akiinuka.

Halikulia.

"Sare," nikamsikia Chelimo akisema ndani, anahema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya mtu aliyekataa katakata kushindwa, "Haya, Kogo. Tunaendelea."

Na padi zikaanza kubofyeka upya.